Faili Lisilokuwepo na Herufi Tatu Zisizofutika: Kerneli Ilivyojifunza Kutaja Prosesa Zake

Hebu tuanze na jambo ambalo huenda limeshakukuta. Uko kwenye Windows, unamalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ghafla skrini inageuka buluu na kompyuta inajiwasha upya. Wewe ni mdadisi, kwa hiyo unafungua rekodi ya ajali kwa programu ya WinDbg, na inakutajia mtuhumiwa: ntkrnlmp.exe. Unakwenda kwenye folda ya System32 kumtafuta. Hayupo. Kuna ntoskrnl.exe tu. Unatafuta diski nzima, wapi!

Sasa hamia upande wa pili. Kama unatumia Linux, fungua teminali uandike uname -a. Katikati ya mstari mrefu, karibu na tarehe, utakuta herufi tatu: SMP. Hata simu nyingi za Android zinazo. Hukuziomba, hazikusaidii kitu, na ukiuliza darasani utajibiwa "aah, hiyo ni kawaida tu".

Haya mambo mawili ni makovu ya kidonda kimoja. Kwa muda mrefu, watu walioandika kerneli, yaani ule moyo wa mfumo endeshi, walilazimika kujibu swali moja kabla ya lolote: mashine hii ina prosesa moja, au zaidi ya moja? Na jibu lisipoandikwa mahali panapoonekana, data za watu ziliharibika. Ndiyo maana waliandika jibu hilo kila mahali, kwenye majina ya mafaili, kwenye majina ya fanksheni, hata ndani ya kumbukumbu ya mashine yenyewe.

Kwanza tuelewane kwa nini swali lilikuwa zito kiasi hicho.

Chukua wakala wa pesa za simu mwenye daftari moja la salio. Akiwa peke yake kibandani hana shida, ili mradi tu mtu asimkatize katikati ya kuandika. Sasa aajiri msaidizi, wakae madirisha mawili, daftari lile lile. Salio ni 500,000. Wa kwanza anahudumia mtu wa kuongeza 10,000, anasoma salio, anaanza kupiga hesabu. Muda ule ule mwenzake naye kasoma 500,000, anataka kupunguza 20,000. Wa kwanza anaandika 510,000. Wa pili anafuta na kuandika 480,000. Salio halali ni 490,000. Elfu kumi imeyeyuka na hakuna mwizi.

Kerneli ina madaftari ya namna hiyo kwa maelfu: orodha ya kurasa za kumbukumbu zilizo wazi, orodha ya programu zinazosubiri zamu, idadi ya wanaotumia faili fulani. Kwenye mashine ya prosesa moja, dawa ni rahisi. Unazima ukatizaji kwa muda mfupi, unaandika, unawasha tena. Kwenye mashine ya prosesa mbili hiyo haitoshi, manake kuzima ukatizaji kwako hakumzuii jirani. Unahitaji kufuli: ukishika wewe, mwenzako anasubiri. Prosesa za familia ya x86 zina kiambishi maalum cha kazi hii, baiti moja tu, F0, inayowekwa mbele ya amri na kuzuia prosesa nyingine isiingilie sehemu ile ya kumbukumbu hadi amri iishe.

Kufuli lina gharama. Amri yenye baiti ile ni nzito kuliko isiyo nayo. Miaka ya 1990, karibu kila kompyuta ya mezani ilikuwa na prosesa moja. Kwa nini umlipishe kila mtu gharama ya makufuli ambayo hana wa kumfungia? Ndipo likaja wazo ambalo wakati ule lilionekana la akili kabisa: tutengeneze kerneli mbili kutoka msimbo mmoja. Moja iwe na makufuli, nyingine makufuli yapotee wakati wa kukompaili. Ya pili ikaitwa UP, ya prosesa moja. Ya kwanza ikaitwa MP, au SMP.

Hiyo S nayo ina historia yake, na wengi huipita. Inasimamia usawa, kwamba prosesa zote zina haki sawa: yoyote inaweza kuendesha kerneli, yoyote inaweza kushughulikia kifaa. Halikuwa jambo la kuchukuliwa hivihivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, George Goble na wenzake waliunganisha VAX-11/780 mbili zikawa mashine moja. Ilifanya kazi, lakini prosesa moja ilikuwa bwana na nyingine mtumwa. Mtumwa aliendesha programu za watumiaji tu, na kila programu ilipohitaji huduma ya kerneli ilibidi irudishwe kwa bwana. Kwa hiyo mtu alipoandika "S" kwenye jina la kerneli yake, alikuwa anajigamba kidogo. Alikuwa anasema: kwetu hakuna bwana.

Nyuma zaidi, miaka ya 1960, IBM walikuwa na njia fupi. Mfumo wao wa OS/360 ulipoandaliwa kwa ajili ya mteja, mteja alichagua aina: PCP, MFT, MVT, na kwa mwenye mashine ya Model 65 yenye prosesa mbili, M65MP. Jina la usanidi ndilo jina la mashine. Ukiwa muuzaji mmoja unayetengeneza mashine na mfumo wake, huna haja ya kuumiza kichwa.

Kila mtu na lugha yake

Balaa lilianza pale kompyuta ndogo za familia ya x86 zilipotaka kuwa kubwa. Compaq walitoa SystemPro mwaka 1989, ikiwa na nafasi ya prosesa mbili. Wakafuata wengine, na kila kampuni iliunganisha prosesa zake kwa namna yake. Hakukuwa na njia moja ya mfumo endeshi kuuliza "mko wangapi humu ndani?"

Microsoft walipotoa Windows NT 3.1 mwaka 1993, tayari ilikuwa na uwezo wa prosesa nyingi, na walilimeza tatizo hili kwa kulikata vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kerneli yenyewe: ntoskrnl.exe kwa prosesa moja, ntkrnlmp.exe kwa nyingi. Kipande cha pili ni tabaka jembamba la chini kabisa, HAL, linaloficha tofauti za mazabodi. Ukichungulia mafaili ya familia ya NT ya miaka ile unakutana na gwaride la makampuni: halsp.dll ni ya SystemPro ya Compaq, halncr.dll ya NCR, halwyse7.dll ya Wyse, halcbus.dll ya mashine zenye basi la Corollary. Kila jina ni mkataba wa kiufundi na kampuni ambayo leo huenda hujawahi kuisikia.

Majina yanaonekana ya ajabu kwa sababu yalibanwa yasizidi herufi nane kabla ya nukta, desturi ya tangu DOS. Baadaye ilipokuja kerneli ya kumbukumbu kubwa, ile ya PAE, majina yakawa manne: ntoskrnl, ntkrnlmp, ntkrnlpa, na ntkrpamp. Hilo la mwisho jaribu kulitamka mbele ya watu!

Sasa hapa ndipo penye jibu la fumbo letu la mwanzo. Draiva za Windows zimeandikwa zikitafuta huduma ndani ya faili linaloitwa ntoskrnl.exe. Kama mashine za prosesa nyingi zingekuwa na faili la jina jingine, kila draiva ingehitaji nakala mbili. Kwa hiyo programu ya kusakinisha ilifanya ujanja: ikiona prosesa nyingi, inachukua ntkrnlmp.exe kutoka kwenye CD na kulinakili kwenye diski kwa jina la ntoskrnl.exe. Nje jina moja, ndani lile la kuzaliwa limebaki limegongwa mhuri. WinDbg inasoma mhuri, wewe unasoma jina la nje. Ndo maana hamuelewani.

Na wakati tuko hapa: usihangaike kutafuta "ntkrnlmp.exe mpya" mtandaoni ili uibadilishe. Faili hilo ni kerneli yenyewe. Mara nyingi linatajwa kwa sababu ajali ilionekana ikiwa humo, huku mkosaji akiwa draiva au RAM mbovu. Mashahidi huwa wa kwanza kukamatwa.

Ujanja huu wa Microsoft ulikuwa na bei. Usanidi uliamuliwa siku ya kusakinisha. Mtu wa Windows XP aliyekuwa na "ACPI Uniprocessor PC" kisha akaweka prosesa yenye kori mbili, mara nyingi aliona moja tu inafanya kazi, hadi abadilishe jina hilo kuwa "ACPI Multiprocessor PC" kwenye orodha ya vifaa. Fikiria: umelipia kori mbili, moja imelala, na tofauti pekee ni neno moja kwenye menyu ambayo hakuna aliyekuonyesha.

Herufi nne ndani ya kumbukumbu

Mwaka 1994 Intel walichoshwa na vurugu za kila mtu na lugha yake, wakatoa waraka wa kanuni, unaojulikana kwa kifupi kama MPS. Toleo lake la 1.4, la Mei 1997, ndilo lililodumu. Mimi huupenda waraka huu kwa sababu suluhisho lake ni la kizamani kwa namna nzuri: mashine ijiandikie barua, iiache mahali panapojulikana.

BIOS, kabla ya kukabidhi mamlaka kwa mfumo endeshi, inaandika mahali fulani kwenye kumbukumbu herufi nne: _MP_. Kerneli inapoamka, haijui lolote kuhusu mashine, inapekua sehemu chache zilizotajwa kwenye waraka, ikiruka baiti 16 kwa 16, ikitafuta herufi hizo. Ikizikuta inahakiki jumla ya baiti ili isidanganywe na takataka, kisha inasoma anwani ya jedwali kubwa zaidi linaloanza na PCMP. Humo kuna orodha: prosesa hii hapa, namba yake hii, basi hili hapa, ukatizaji huu unapitia huku. Prosesa moja inatajwa kuwa ndiyo ya kuamsha mfumo. Nyingine zimelala hadi ziitwe.

Kulikuwa hata na njia ya mkato. Baiti moja katika muundo ule wa kwanza ikiwa na namba kati ya 1 na 7, maana yake "usisumbuke kusoma jedwali, mimi ni usanidi wa kawaida namba kadhaa", na usanidi wote wa kawaida ulikuwa wa prosesa mbili, namba 0 na namba 1. Unaona walivyoiona dunia? Walidhani aina saba za mashine zingetosheleza watu wengi.

Kwenye jedwali lile kuna sehemu mbili ndogo za maandishi: herufi 8 za jina la mtengenezaji na herufi 12 za jina la bidhaa. Zilikusudiwa kuwa kibandiko tu. Watu wa Linux wakazigeuza kitambulisho cha taifa.

Lakini Linux yenyewe ilifikaje huko? Toleo la 2.0, Juni 1996, ndilo la kwanza thabiti lililokuwa na SMP. Kazi kubwa ya mwanzo ilifanywa na Alan Cox, kwenye mazabodi ya Pentium mbili aliyopewa na kampuni ya Caldera. Ilikuwa na kufuli moja tu kubwa kwa kerneli nzima: prosesa moja ikiwa ndani, nyingine inayotaka kuingia inasubiri mlangoni. Ni choo kimoja nyumba ya wapangaji. Kufuli hilo liliendelea kumegwamegwa hadi lilipoondolewa kabisa mwaka 2011, katika toleo la 2.6.39. Na namna ya kuchagua SMP katika toleo la 2.0? Ulifungua faili la Makefile na kuondoa alama ya maoni mbele ya mstari SMP = 1. Ikawa swali la kawaida la usanidi baadaye, katika 2.2.

Hapa ndipo Linux ilipoachana njia na Microsoft, na hapa ndipo watu walipoumia. Kwenye NT, kufuli linachukua nafasi yake kwenye kumbukumbu hata kwenye kerneli ya prosesa moja, na amri za kulishika ziko upande wa kerneli na HAL. Draiva moja inafaa kote. Kwenye Linux, kerneli ya UP ililifuta kufuli kabisa. Ukubwa: baiti sifuri. Inapendeza, hadi ufikirie muundo wa data wenye kufuli katikati. Kwenye SMP, kila kilicho baada ya kufuli kimesogea mbele kidogo. Moduli iliyokompailiwa kwa UP ikiingizwa kwenye kerneli ya SMP inaandika salio kwenye safu ya jina la mteja. Haishtuki wala haitoi onyo, inaandika tu. Siku mbili baadaye mfumo wa mafaili umeoza na unalaumu diski.

Kinga waliyobuni ni jina, na jina hilo wakalibandika kwenye kila fanksheni. Kerneli zilizotumia ukaguzi wa matoleo ziliongeza mkia kwenye jina la kila fanksheni ambayo moduli inaruhusiwa kuiita: printk ikawa printk_R ikifuatiwa na namba ya hakiki. Kwenye SMP mkia ulikuwa _Rsmp_. Basi moduli ya UP ikija kuomba printk_R kadhaa, kerneli ya SMP inajibu: simjui huyo. Mlango umefungwa kabla madhara hayajatokea.

Nikiri kwamba mkia huo umeshaninyima usingizi. Tulikuwa na seva kuukuu ya msaada, soketi mbili za Pentium III, na kadi ya mtandao iliyohitaji moduli ya kukompaili wenyewe. Nikakompaili, ikakataa, "unresolved symbol", na nyuma yake jina ninalolijua lenye mkia nisioujua. Nikakompaili tena. Na tena. Alfajiri ndipo nilipogundua kwamba vichwa vya msimbo nilivyotumia vilikuwa vya kerneli ya UP. Wakati ule niliitukana ile kerneli. Leo najua ilikuwa inanizuia nisiharibu diski ya watu.

Mkia ule umekufa lakini mjukuu wake yupo. Andika modinfo na jina la moduli yoyote kwenye Linux ya leo, angalia mstari wa vermagic. SMP iko pale, baada tu ya namba ya toleo.

RUTHLESS SMP

Turudi kwenye zile herufi 8 na 12. Kanuni za Intel zilitosha kwa mashine za prosesa mbili au nne. Lakini wakubwa wa seva walitaka nane, kumi na sita, na zaidi, na hapo vifaa vya kawaida viligonga ukuta. Njia rahisi ya kuelekeza ukatizaji ilitumia baiti moja, kila biti ikiwakilisha prosesa moja. Biti nane, prosesa nane. Ya tisa haina pa kuandikwa.

Kila kampuni ikavuka ukuta kwa mlango wake, na Linux ikalazimika kutambua nani ni nani. Njia? Kusoma kibandiko. Jedwali likisema "IBM NUMA", hiyo ni NUMA-Q, mashine iliyobuniwa na Sequent kabla IBM haijainunua kampuni hiyo mwaka 1999. Likisema UNISYS, huenda ni ES7000. Likisema "IBM ENSW" na bidhaa ikawa "VIGIL SMP", au inaanza na EXA, au ni "RUTHLESS SMP", basi ni seva ya IBM ya aina ya Summit. Hesabu herufi za RUTHLESS SMP ukiweka na nafasi: kumi na mbili kamili. Kuna mhandisi mahali fulani aliyeipa bodi yake jina la siri lenye maana ya "asiye na huruma", na jina hilo likaingia kwenye msimbo wa kerneli inayosomwa dunia nzima, likawa sharti la mashine kuwaka.

Mashine za kawaida zilizozidi prosesa nane zilipewa njia iitwayo bigsmp. Baadhi hazikuweza kujieleza vizuri, kwa hiyo zikaorodheshwa kwa majina yao ya dukani: HP ProLiant DL760 G2, HP ProLiant DL740. Orodha hiyo imo kwenye msimbo, kama daftari la mwenyekiti wa mtaa: huyu namjua, mpisheni.

Mwanzoni kila aina ilikuwa kerneli yake ya kukompaili. Hebu mwonee huruma mtayarishaji wa distro: UP, SMP, bigsmp, Summit, NUMA-Q, kila moja mara mbili kwa kumbukumbu ndogo na kubwa. Baadaye aina hizi zilikusanywa kwenye kerneli moja inayosoma vibandiko wakati wa kuwaka. Mashine zenyewe zikaenda chakavu, na mwaka 2014 msimbo wa Summit, NUMA-Q na ES7000 ukafutwa. RUTHLESS SMP akaondoka bila matanga.

Mgawanyo wa UP na SMP ulidumu zaidi, kwa sababu ulikuwa wa watu wa kawaida. Waliokuwa wanasimamia seva za Red Hat za wakati ule wanakumbuka vifurushi viwili, kernel na kernel-smp, na Debian nao walikuwa na majina yanayoishia -smp. Ukiboresha kimoja ukasahau kingine, mashine inawaka na prosesa moja, inajikokota, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ilikuwa ni kosa la jina tu.

Aliyevunja mzunguko huo kwa upande wa Linux ni Gerd Hoffmann, na kazi yake iliingia mwaka 2006. Wazo lake ni tamu. Kompaili kerneli moja, yenye makufuli yote. Wakati wa kukompaili, andika orodha ya kila mahali ambapo baiti F0 imewekwa. Kerneli inapowaka ikikuta prosesa ni moja tu, inapita kwenye orodha hiyo na kubadilisha kila F0 kuwa baiti isiyodhuru. Kerneli inajifanyia upasuaji ikiwa hai. Usanidi ukaacha kuwa jina la faili, ukawa hali ya muda. Ukiandika dmesg utaona mstari "Freeing SMP alternatives memory": ni orodha ile inatupwa kwa sababu haihitajiki tena.

Ndani ya miaka michache vifurushi vya -smp vikatoweka, na kompyuta za kori moja nazo zikapotea madukani. OpenBSD, ambao huwa na msimamo wao, wameendelea na utaratibu wa zamani tangu toleo la 3.6 la mwaka 2004: bsd na bsd.mp. Kisakinishi chao kikiona prosesa nyingi kinaweka bsd.mp kwa jina la bsd, na ile ya moja inabaki pembeni kama bsd.sp. Ujanja ule ule wa Windows NT, ila hapa hakuna aliyeficha kitu: uname inakuambia wazi GENERIC.MP.

Prosesa ni nini hasa?

Wakati majina ya kerneli yanatulia, neno lenyewe "prosesa" likaanza kuyumba. Novemba 2002 Intel walitoa Pentium 4 ya 3.06 GHz yenye Hyper-Threading: kori moja inajitangaza kuwa prosesa mbili. Kerneli ikaamini. Kwenye mashine ya soketi mbili ikaona nne zenye "haki sawa", ikaweza kubebesha kazi mbili nzito kwenye kori moja huku soketi ya pili imekaa bure. Ikabidi /proc/cpuinfo iongezewe msamiati: physical id kwa soketi, core id kwa kori, na siblings, ndugu, kwa wanaokaa soketi moja.

Kuna kitendawili kimoja hapo ambacho bado kinapotosha watu. Kwenye orodha ya flags utaona ht. Wengi wanasema hiyo ni ishara ya Hyper-Threading. Siyo lazima. Inasema tu kwamba kifurushi kinaweza kuwa na prosesa zaidi ya moja za kimantiki. AMD walipotoa Athlon 64 X2 mwaka 2005, yenye kori mbili halisi na bila Hyper-Threading, waliwasha ht ili programu za zamani zijue kuhesabu, kisha wakaweka bendera nyingine, cmp_legacy, kusema "hizi ni kori kweli, nimetumia tu hesabu ya kizamani". Bendera moja inasahihisha nyingine.

Na ile S ya usawa? Tazama simu yako. Tangu ARM walipotangaza mpangilio wa big.LITTLE mwaka 2011, simu nyingi zina kori kubwa zenye nguvu na ndogo za kubana betri. Hazina usawa hata kidogo. Ndani ya kipanga zamu cha Linux kuna bendera ya kueleza hali hiyo, SD_ASYM_CPUCAPACITY, na nadhani hata bila kuijua lugha unaiona ile ASYM. Bendera hiyo inaishi ndani ya kerneli ambayo, ukiiuliza jina, inajibu SMP.

Mwaka 2025, katika toleo la 6.17, Ingo Molnar alifanya msimbo wa SMP ndani ya kipanga zamu ukompailiwe siku zote, hata kwa atakayechagua prosesa moja. Swali la usanidi bado lipo, sehemu nyingine za kerneli bado zinalijibu, na zile herufi tatu bado zinachapishwa.

Kama una nafasi jioni ya leo, washa Linux kwenye kompyuta pepe ya QEMU ukiipa prosesa mbili na BIOS yake ya kawaida, ukiiambia kerneli acpi=off, kisha tafuta neno MPTABLE kwenye dmesg. Utakuta mashine isiyo na chuma wala soketi imejiandikia barua ya mwaka 1994, na kwenye nafasi ya herufi nane za mtengenezaji imejaza BOCHSCPU.